CHAI MPAKA MLANGO WA JIKONI

 

Leo nina neno kwa yule ambaye hajawahi kupanda hata mche mmoja wa sukuma kwa mkono wake na anataka kuanza. Nina neno pia kwa baba mwenye shamba. Baba, usipite haraka.

Fungua 1 Wafalme 21. Wengi tunakumbuka kwamba mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi. Je, unakumbuka alilitaka la nini? Alitaka kulifanya bustani ya mboga, na sababu aliyotoa ni kwamba lilikuwa karibu na nyumba yake. Ahabu alikuwa mwovu, na tamaa yake ilimwaga damu ya mtu asiye na hatia. Lakini kwa hili moja alijua kilimo: bustani ya mboga hukaa karibu na nyumba.

Sasa tazama huku kwetu Sigowet. Tumeng'oa mboga tukapanda chai mpaka dirisha la jikoni. Mama anachuma majani asubuhi, na jioni anatuma mtoto akanunue sukuma iliyokuja kwa gari kutoka soko la Sondu. Pesa ya majani inakuja mara moja kwa mwezi, bonasi mara moja kwa mwaka, lakini tumbo la mtoto halijui kalenda hiyo. Pesa ikichelewa, nyumba inakula ugali na chai ya strungi. Katikati ya shamba la kijani kibichi!

Maoni yangu ni haya. Baba, ng'oa mistari miwili ya chai iliyo karibu na jikoni umpe mama. Najua utasema, "Pastor, hiyo ni pesa." Ni kweli, na sidharau chai. Imesomesha watoto wetu na imeezeka mabati ya kanisa. Lakini piga hesabu ya mboga mnayonunua mwaka mzima, kisha uipime na kilo zinazotoka kwa mistari hiyo miwili. Piga hesabu hiyo na mama akiwa ameketi hapo, kwa sababu yeye ndiye anajua bei ya sukuma. Na ukishampa, umempa. Usirudi msimu wa pili kudai pesa ya fungu aliloliuzia jirani.

Sasa wewe unayeanza, nisikilize vizuri. Kitu kinachowashinda wageni wa bustani ni ukubwa. Kule Uingereza halmashauri huwakodisha watu viwanja vidogo vya kulima mboga. Kiwanja kizima kwa desturi ni kama mita 250 za mraba, na sehemu nyingi siku hizi anayeanza anapewa nusu tu, maana kizima kinamshinda na magugu yanakimeza. Na hao wana majira ya baridi ya kutuliza magugu. Yetu hayalali. Kwa hiyo anza na tuta moja: upana mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo, na urefu mita 3. Ndiyo, tatu.

Udongo ndio umewavunja moyo wengi. Mahali chai imekaa miaka mingi udongo una asidi. Chai inapenda pH ya 4.5 hadi 5.5, lakini sukuma na kabichi zinataka karibu 6 hadi 6.5. Ukipanda sukuma hapo bila kutengeneza udongo itadumaa, igeuke njano, nawe utasema mkono wako una laana. Mpendwa, usiniite kuuombea mche kabla hujaweka chokaa. Nunua chokaa ya shamba, ichanganye na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, na muulize afisa wa kilimo wa wadi jinsi ya kupima udongo ujue kiasi. Huna pesa? Jivu la jikoni linasaidia, ila nyunyiza, usimwage debe zima. Ongeza samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Ya kuku ikiwa mbichi inaunguza mizizi. Na ile mbolea ya chai, 26:5:5 iliyobaki stoo, iache ibaki ya chai. Inaongeza asidi ile ile unayopigana nayo.

Usianze na kabichi. Inakukalisha miezi mitatu, halafu unaikata mara moja imekwisha. Nusu ya tuta weka isageek. Mbegu zake ni ndogo, zimwage kwenye mistari na uzifunike kidogo tu. Mvua ikiwa nzuri, wiki nne hadi sita unachuma. Nusu nyingine weka miche sita ya sukuma, sentimita 45 kati ya mmoja na mwingine. Chuma majani ya chini, acha ya juu, na itakulisha miezi mingi. Managu itafuata ukizoea.

Zungushia ua wa matawi kabla ya kupanda, ili kuku wa jirani asiwakosanishe.

Mvua ya mawe itakuja, wewe ni mtu wa Kericho, unajua. Ikipasua sukuma yako usiing'oe kwa hasira. Toa majani yaliyoraruka. Moyo wa mche ukiwa mzima, utachipuka.

Katika Kumbukumbu la Torati 11 Musa anatofautisha Misri, ambako watu walihangaika kumwagilia kama bustani ya mboga, na nchi ya milima na mabonde inayokunywa mvua ya mbinguni. Nikisoma pale naona vilima vyetu. Hata hivyo Januari na Februari jua huwa kali hata hapa, na hapo ndipo utafurahi kwamba tuta liko karibu: maji uliyooshea mboga yanaenda moja kwa moja kwenye mche.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili, njoo nyuma ya kanisa na kopo tupu. Kuna miche ya sukuma, sita kwa kila nyumba. Kina kogo mliotunza mbegu za isageek, tafadhali mje nazo kidogo kwenye kitambaa. Wababa, mje na majembe.