Miaka Tuliyo Nayo

Kijana wa Sakina anayejifunza Kijerumani, ama aongoze watalii ama asafiri, hukutana mapema na sentensi hii: "Ich bin vierundzwanzig Jahre alt." Sisi husema tuna miaka 24, umri ni kitu tulicho nacho. Mjerumani husema yeye ni miaka hiyo, hutanguliza nne kabla ya ishirini, kisha humalizia kwa neno alt, ambalo likisimama peke yake lina maana ya uzee. Kijana anajiita mzee, na hakuna anayemwamkia shikamoo!

Walimu wengi huifundisha sentensi hiyo kama sarufi tu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo wanafunzi wanapopunjwa, kwa kuwa ni sentensi inayofungua au kufunga mlango. Anayeomba viza ya au pair, yaani kuishi na familia ya Kijerumani na kuitunzia watoto, sharti awe ametimiza miaka 18 na hajafikisha 27. Chancenkarte, kibali cha kutafuta kazi kilichoanza Juni 2024, humpa alama mbili asiyezidi miaka 35, na alama moja aliye kati ya 35 na 40. Zaidi ya hapo umri haumpi mtu kitu. (Mimi nimekwisha kupita huko, hivyo siandiki kwa maslahi.)

Hapa chini ya Mlima Meru, Waarusha walimtambua mtu kwa rika lake: alitahiriwa pamoja na nani, amheshimu nani. Tarehe haikuwa na kazi. Leo mjukuu wa watu hao anabeba cheti cha kuzaliwa kilichotafutwa ukubwani, chenye siku iliyokadiriwa kwa masika, au mwaka uliopunguzwa ili apate nafasi shuleni. Cheti cha shule kikisema 1998 na pasipoti ikisema 2000, kosa la wakubwa linageuka udanganyifu wa kijana mbele ya ofisa wa viza.

Watumishi wa RITA na wa halmashauri wanayajua haya kuliko mimi. Masahihisho ya tarehe yafanyike mtoto angali shule ya msingi, wakati mashahidi wa kuzaliwa kwake wangali hai. Na mwalimu wa Kijerumani, kabla hajapokea ada ya kozi, amwombe mwanafunzi vyeti vyote viwili, avilinganishe.