TUJIFUNZE PAMOJA: Waya mwembamba unakunywa esansi

Kijana mmoja wa machimbo, upande wa Salamabila, ametuuliza hivi: "Juu ya nini grupe iko na nguvu, lakini pa nyumba ya video, mita mia moja tu, taa zinakuwa nyekundu-nyekundu? Na kama wanasema moshi wa mashini unaharibu majira, waya nayo iko na kosa gani? Waya haitoe moshi."

Ulizo lako ni zuri, na jibu lake liko ndani ya mfuko wako. Ni kweli, waya hautoi moshi. Lakini unaufanya utoke mahali pengine, pale grupe inapolia.

Kila waya unazuia umeme kidogo, kama mfereji mwembamba unavyozuia maji. Umeme uliozuiwa unageuka joto. Tufanye hesabu pamoja. Chukua waya wa shaba wa 1.5, ule ambao wengi wananunua sababu ya bei. Kutoka kwenye grupe mpaka nyumba ya video ni mita 100, na umeme lazima uende na urudi, basi ni mita 200 za shaba. Ukiwasha friji, televizyo na taa mpaka ufikie ampere 10, waya peke yake unakula wati 233 hivi. Kwenye grupe ulikuwa na volti 220, kule mwisho unabaki na 197. Ndiyo sababu taa zako ni nyekundu. Sasa weka waya wa 4: hasara inashuka mpaka wati 88 hivi.

Kwa saa 6 za usiku, grupe ndogo inayotumia karibu nusu litre kwa kila kilowati-saa inachoma kama litre 0.7 kwa kupasha moto waya ule mwembamba tu. Kwa waya mnene ni robo litre hivi. Tofauti karibu nusu litre kila usiku! Usiku 300 ni litre 130. Na kila litre ya esansi inatoa kama kilo 2.3 za hewa ya kaboni: hapo ni kilo 300 zilizopanda juu bila mtu kuona picha hata moja. Wewe unayelipa esansi iliyokuja kwa pikipiki juu ya barabara zetu za Kabambare, uniambie mwenyewe kama waya mnene ni ghali.

Baada ya kuwashibisha watu, Yesu aliwaambia wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki. Mikate haikununuliwa kwa falanga, na bado hakutaka kipotee kitu.

Wakubwa wa umeme nao wanapigana na hasara hiyohiyo. Mwaka 1982 njia ya kutoka Inga mpaka Kolwezi ilimalizika, kilometa kama 1,700. Kwa urefu ule, wangetumia volti za nyumbani, hakuna kitu kingefika. Wakatumia volti 500,000. Kanuni ni hii: ukizidisha volti mara mbili kwa kazi ileile, ampere zinapungua nusu, na hasara inabaki robo. Vijiji vingi vilivyo chini ya njia ile viliendelea kuwasha koroboi. Watu wanasema ni dharau ya serikali tu, na mimi sitaitetea, lakini kuna sababu ya ufundi pia: umeme wa njia ile ni wa mkondo mmoja, kama wa batiri, hauwezi kuchotwa njiani kwa transfoma ya kawaida. Kwa hiyo sisi wa Maniema tusikae kungojea Inga. Mto mdogo wenye turbine karibu na watu unahitaji waya mfupi, na waya mfupi unapoteza kidogo.

Waya una kosa lingine, la kuzaliwa kwake. Njia nyingi kubwa zinatumia aluminiamu, sababu ni nyepesi: kwa uzito uleule inapitisha umeme mara mbili kuliko shaba. Lakini kuyeyusha kilo moja ya aluminiamu mpya kunakula kama kilowati-saa 14. Kama umeme ule unatoka kwa makaa ya mawe, ni kilo zaidi ya 15 za kaboni. Kama unatoka kwa maji, ni chache sana. Aluminiamu ya zamani ikiyeyushwa tena inahitaji sehemu kama 5 kwa mia tu ya nguvu ile. Basi chakavu ni mali.

Hapa ninawaambia vijana bila kuficha. Kuna wanaochoma nyaya usiku ili plastiki itoke na shaba ibaki. Ule moshi mweusi uko na sumu inayokaa katika mwili miaka mingi, na watoto wanaozunguka moto ule ndio wanaovuta ya kwanza. Chuna kwa kisu. Inachukua muda, ndiyo, lakini shaba isiyoungua inauzwa vizuri zaidi. Na waya ambao si wako, uache juu ya nguzo: njia ile ya Inga iliibiwa hata vyuma vya minara yake, na anayepanda kukata waya wenye umeme mara nyingi harudi kusimulia.

Kama unataka kujua hali ya waya wako leo: acha grupe ifanye kazi saa moja, izime kabisa, halafu shika waya mahali ulipounganishwa. Ukiwa wa moto, kata kiungo kile, safisha shaba, kaza upya kwa domino, si kwa mfuko wa plastiki. Ukiwa wa moto kote, ni mwembamba; usiupitishe tena chini ya majani ya nyumba.

Walioandika kuhusu paneli za jua, tutawajibu mwezi ujao.