Ubao wa Kwanza wa Kuchorea

Mama ameuza gunia la mahindi ninunue ubao wa kuchorea wa kompyuta, nipate kutengeneza picha ya marehemu babu iliyochakaa. Wenzangu wananishauri ninunue wenye kioo. Mimi nasema, yampasa anayeanza kununua mdogo usio na kioo. Mkono huchora mezani, macho yakitazama kompyuta. Mwanzoni ni taabu, lakini mkono huzoea. La lazima ni kalamu inayotambua mkandamizo, mstari upate kunenepa na kukonda. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mkoani kwetu, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli. Basi, ndugu zangu, tusiwauzishe wazazi gunia la pili kwa ajili ya fahari.