Kimbunga Kilichotupita Kando

Ndugu zangu wa pwani, tangu Tanga mpaka Msimbati, kuna neno nimelisikia dikoni mara nyingi mno, nalo linanitia hofu kuliko mawimbi yenyewe: "Wametutisha bure."

Lilisemwa Aprili 2019. Watu wa Mtwara waliambiwa kimbunga Kenneth kinakuja, shule zikafungwa, watu wakahimizwa kukimbilia palipo salama, nacho kikaenda kutua Cabo Delgado, kusini ya Ruvuma. Likasemwa tena Aprili 2021, kimbunga Jobo kilipoishiwa nguvu kabla ya kugusa bara. Nawauliza: jirani zetu wa Msumbiji, waliozika watu wao na kulala bila paa, nao walitishwa bure? Baina yetu na msiba ule palikuwa na mwendo wa siku moja wa jahazi lenye upepo mzuri.

Wengine hushika kwamba vimbunga havikuandikiwa nchi hii. Ni kweli kwamba karibu na ikweta huzaliwa kwa nadra, maana mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuuzungusha upepo huko. Lakini mwulizeni mkulima wa karafuu. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iling'oa mikarafuu ya Unguja na kuvunja merikebu za Sultan Barghash. Pemba ikanusurika, na tangu hapo karafuu ikawa ya Pemba. Tarehe 15 Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kikafika Mafia, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa, na mvua zake zikakata barabara ya kusini pale Somanga.

Tazameni miezi hiyo. Kaskazi huichoma bahari tangu Disemba, na joto la maji ndilo chakula cha kimbunga. Ikifika Aprili maji yamekwisha kupata moto, na wakati huo huo tumeingia tanga mbili: kaskazi imekufa, kusi haijashika, bahari imelala kama mafuta kwenye sahani. Mvuvi huona hiyo ndiyo siku ya kwenda mbali. Wazee wetu walisoma mawingu na ndege kwa ujuzi ninaouheshimu sana, ila jicho lao liliishia upeo wa macho. Setilaiti huona dhoruba ingali mamia ya kilomita nje, siku kadhaa kabla ya wingu la kwanza.

Wala msingoje kimbunga chenye jina. Sikilizeni taarifa ya kila siku ya Mamlaka ya Hali ya Hewa: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Inaposema upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, watu husikia tarakimu tu. Mita mbili ni wimbi linalompita mtu mrefu kimo. Sasa simama ndani ya ngalawa yako, upime ubavu wake unafika wapi mguuni mwako.

Najua mvuvi hapuuzi kwa ujinga. Asipotoka, jioni sufuria haipandi jikoni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maneno yangu naielekeza kwenu, wenye vyombo na nyavu, mnaobaki nchi kavu. Nahodha akisema leo hatutoki, msimnyang'anye chombo kumpa mwenye pupa kuliko yeye. Siku ya angalizo wapeni mabaharia posho ya unga, muikate kidogo kidogo katika mapato ya siku njema. Ni fedha chache mno mbele ya mashine na watu sita. Nanyi viongozi wa diko, taarifa isomwe kwa sauti baada ya sala ya alfajiri, kwa lugha ya kusi na kaskazi, kabla tanga halijapandishwa. Na kesho yake, upepo usipokuja, isomwe vile vile.