KARAKANA YA NYUMBANI: Lori Lililopata Nguvu kwa Siku Tatu

Juma hili ukurasa huu umepokea barua isiyo ya kawaida. Haikuandikwa na dereva wala makanika, bali na mke wa sajini mstaafu aishiye upande wa Kabale. Kwa kiinua mgongo cha mumewe walinunua mnadani lori kuukuu la kijeshi, ili wachukue viazi mviringo hadi Kampala na kwa njia hiyo wapate karo ya watoto watatu. Asubuhi za baridi lori lilikuwa likitoa moshi mweupe na kupanda mlima kwa taabu. Jirani mmoja, mtu mwenye nia njema na spana namba 13, akalegeza pampu ya dizeli na kuisogeza. Kwa siku tatu lori lilipanda mlima kama kijana. Siku ya nne likaanza kugonga, na mama huyu asema kwamba mlio huo husikika hata jikoni. Sasa auliza: je, shehena ya Jumamosi iende au isiende?

Jambo moja limenifurahisha mno. Mama alimtuma mwanawe anakili maandishi ya kibati cha injini, nayo ni OM 352. Laiti kila afande aniandikiaye angefanya hivyo! Hii ni injini ya Mercedes-Benz ya silinda sita, karibu lita 5.7, ambayo tangu miaka ya 1960 ilifungwa katika malori mengi ya raia na ya vikosi, likiwemo Unimog U 1300 L ambalo Jeshi la Ujerumani Magharibi lilianza kulipokea mwishoni mwa miaka ya 1970.

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Pistoni huibana hewa mpaka iwe ya moto mkali, kisha pampu husukuma dizeli kupitia nozeli, ikawaka yenyewe. Dizeli sharti ianze kusukumwa digrii kadhaa kabla ya pistoni kufika juu kabisa, kwa kuwa kuwaka nako kwataka muda. Hiyo ndiyo taimingi ya pampu. Dizeli ikichelewa, moshi huwa mweupe, nguvu hupungua na bomba la moshi hupata joto kupita kiasi. Ikiwahi mno, moto huwaka wakati pistoni ingali ikipanda, ukaisukuma chini kwa kishindo. Huo ndio mlio usikikao jikoni, na waumiao ni pistoni, gasketi ya kichwa cha silinda na beringi za krenki. Jirani alinunua nguvu ya siku tatu kwa uhai wa injini.

Wala asilaumiwe sana, maana kipimo chenyewe ni kidogo mno. Injini ikizunguka mara 2,800 kwa dakika, digrii moja ya krenki hupita katika sehemu 1 ya 16,800 ya sekunde. Tena shafti ya pampu huzunguka nusu ya mwendo wa krenki. Kwa hiyo ukiuzungusha mwili wa pampu digrii moja, ambayo pembeni ni kama milimita moja tu, umebadili digrii mbili za krenki. Mkono uliozoea kukaza magurudumu hauwezi kuihisi milimita hiyo.

Kosa kubwa la jirani ni kwamba hakuweka alama. Kabla ya kulegeza nati hata moja, safisha mahali flanji ya pampu ilipogusana na kasha la gia, kisha uchore kwa msumari mstari mmoja unaovuka vyote viwili. Lau mstari huo ungekuwapo, ningejibu kwa sentensi moja: rudisheni ilipokuwa. Kwa kuwa haupo, itabidi taimingi itafutwe upya kwa njia ya tone, ambayo hufaa kwa pampu za mstari kama hii. Afande, tafuta fundi wa pampu, ukae naye, ukimwangalia kwa macho mawili.

Lori lizimwe, litiwe vigingi, gia iwe huru. Fundi aondoe kifuniko cha valvu na kuzungusha krenki kwa spana mpaka valvu za silinda namba 6 zipishane, moja ikifunga na nyingine ikifungua. Hapo namba 1, iliyo upande wa feni, iko juu katika kubana hewa. Airudishe krenki nyuma kiasi cha robo mzunguko. Kisha afungue bomba la namba 1 kwenye pampu, atoe valvu ndogo ya kutolea pamoja na springi yake, arudishe kishikio chake na kukifunga kijibomba kilichopindwa kama shingo ya bata. Kanyagio la mafuta lishikwe chini kabisa, na wenzo wa kuzimia uachiwe. Mtu mmoja asukume dizeli kwa pampu ya mkono: itachuruzika. Fundi aizungushe krenki polepole, kwa upande uleule injini izungukavyo ikiwaka, mpaka mchuruziko ukatike na kuwa tone baada ya tone. Asimame hapo! Pampu imeanza kusukuma. Asome digrii kwenye puli ya mbele na kuzilinganisha na kitabu cha injini hiyohiyo, wala si cha lori la rafiki, kwani hata injini za jina moja zilitofautiana.

Nilipokuwa kijana katika karakana, niliipita alama kidogo, nami kwa uvivu nikairudisha krenki nyuma mpaka tone likatokea, nikakaza. Nilisahau kwamba meno ya gia yana nafasi kati yao, na ukienda kinyume nafasi hiyo huingia katika hesabu yako. Lori halikupanda hata kilima cha lango. Mwalimu wangu hakunigombeza. Alinipa taa ya chemli na kwenda kula. Tangu usiku ule, nikiipita alama hurudi nyuma robo mzunguko na kuja upya.

Digrii zikiwa nyingi mno, mwili wa pampu uzungushwe kufuata mzunguko wa shafti yake ili kuchelewesha. Kinyume chake huwahisha. Nati zikazwe, na kipimo kirudiwe mpaka kikubali mara mbili. Valvu ya kutolea ioshwe kwa dizeli safi na kurudishwa mahali pake, isifutwe kwa kitambaa chenye nyuzi. Skrubu zenye lakiri zisiguswe. Na hapa nina neno kwa afande: sufuria ya mama si bakuli la kuoshea vyuma.

Injini ikishawaka, mtu yeyote asipapase kwa kidole mahali dizeli inaporuka kutoka bomba la nozeli. Shinikizo lake hupenya ngozi, na kidonda kidogo kama cha sindano chaweza kumpotezea mtu mkono. Ikitokea, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama hakuna maumivu.

Nikumbushe pia kwamba pampu haikuwa ya kwanza kushukiwa. Moshi mweupe wa asubuhi na unyonge mlimani mara nyingi hutokana na nozeli zilizochakaa, filta iliyoziba, hewa katika bomba la dizeli, au silinda zisizobana vema. Filta mpya na kupimwa kwa nozeli sita ni gharama ndogo kuliko pistoni moja. Taimingi ikisharudi mahali pake, moshi ule wa zamani huenda ukarudi pia. Msishtuke. Anzeni na filta, kisha nozeli.

Basi, mama, shehena ya Jumamosi isiende. Kodini lori la mtu kwa safari hiyo, hata kama faida yote itaishia kwake, na lenu lisiwashwe tena mpaka fundi aone tone.