Fundi Akigusa Faili za Msingi, Usimmalizie Pesa

Wacha niseme hii kitu hata kama mtanikasirikia: kama fundi wako wa tovuti alibadilisha faili za msingi za duka lako la mtandaoni, hakukujengea duka. Alikutegea bomu.

Najua kwa sababu moja nilitega mimi. Binamu yangu anauza viatu vya mitumba, nikamfungulia duka kwa WooCommerce. Alitaka fomu ya malipo iulize mtaa na jina la jengo, maana msimbo wa posta haumfikishi mtu wa boda popote. Nikaingia kwa folda ya WooCommerce yenyewe, nikabadilisha mistari kama kumi. Nusu saa, kazi imeisha. Nikajiona mkali.

Baadaye akabonyeza kusasisha. Sasisho halibembelezi mtu: folda ya zamani inatoka yote, mpya inaingia. Kazi yangu ikafutika. Oda zikaanza kuingia bila jina la jengo, mtu wa boda anazunguka Umoja akipigia kila mteja simu.

Alafu nikampa ushauri mbaya zaidi: "Basi usisasishe tena." Kwani masasisho ni ya nini? Ndiyo huziba mianya ya usalama. Nilikuwa namwambia alale mlango wazi ndiyo kazi yangu mbovu isionekane.

Na usiniambie duka dogo haliibiwi. Wezi wanatumia programu zinazopima tovuti moja baada ya nyingine, haziulizi ukubwa. Hata wakubwa wameumia: 2018, British Airways iliibiwa data za kadi za wateja baada ya mistari 22 tu kuongezwa kwa faili moja ya tovuti yao. Faili zako zikiwa za asili, chombo cha WP-CLI kinaweza kuzilinganisha na zile rasmi na kukuonyesha iliyoguswa. Fundi akishazichezea, utajuaje huu mstari ni wake ama ni wa mwizi?

"Lakini ni programu huria, nina haki ya kuibadilisha." Haki unayo, leseni ya GPL inakubali. Swali ni nani atalipia hiyo haki yako, na jibu ni mteja. WooCommerce yenyewe imeacha nafasi za kuchomeka kazi yako kutoka nje. Ile fomu nilikuja kuirekebisha kwa plagini yangu ndogo, kupitia woocommerce_checkout_fields. Mistari ni ile ile kumi. Imepita masasisho kadhaa na iko tu.

Kwa hivyo kabla utume M-Pesa ya mwisho, mwambie fundi atengeneze nakala ya duka, aisasishe mbele yako, kisha ujaribu kuagiza kiatu kimoja. Akianza kujikuna kichwa, rudisha simu mfukoni.