Safari na Kamera: Beba Kidogo, Rudi na Sauti ya Bibi

Likizo ya Agosti inakaribia, na nyumba nyingi za mwambao zimekwisha kuanza kupanga safari. Huyu anakwenda Lamu kwa bibi yake, yule anakwenda Vanga kwa shangazi, na wa Nairobi wanateremka pwani kwa wazazi. Siku hizi karibu kila familia huazimia kuirekodi safari kwa video, na ndipo linapozuka swali: tubebe nini?

Maduka yana majibu mengi, nayo ni mazito: kamera kubwa yenye lenzi tatu, taa za kusimamisha, kiegemeo kirefu cha chuma. Lakini mfikirie mama aliyeshika mtoto mkono huu na mkoba wa nguo mkono huu. Atapanda basi kutoka Mombasa hadi Mokowe, mwendo wa zaidi ya kilomita 300, kisha ateremke gatini na kuingia botini. Mkono wa tatu hana. Rai ya ukumbi huu ni kwamba vifaa vyote viingie katika mfuko mmoja mdogo, visizidi kilo moja. Na katika uchache huo, nafasi ya kwanza ipewe sauti.

Kwa nini sauti? Picha iliyofifia kidogo hutazamika, bali maneno yasiyosikika hayana dawa. Mjukuu atakayeitazama video hiyo baada ya miaka 20 hatauliza ilipigwa kwa kamera gani. Atataka kumsikia bibi akisimulia kwa Kiamu chake jinsi nyumba ilivyojengwa, nani alimwoa nani, na mkeka ulisukwaje. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbukumbu za wazee wetu ni mali, na hatuna ahadi kwamba mwenye kusimulia mwaka huu atakuwapo mwaka ujao.

Basi tuufungue mfuko. Cha kwanza ni simu uliyonayo. Simu nyingi za leo zinatosha kabisa kwa kazi hii, mradi lenzi ipanguswe kwa kitambaa laini cha pamba kila kabla ya kurekodi, kwani mvuke wa chumvi huacha ukungu usioonekana kwa haraka.

Cha pili ni maikrofoni ndogo ya kubana nguoni, yenye waya au isiyo na waya. Uzito wake ni mdogo sana, na faida yake inapita kifaa kingine chochote utakachonunua. Ibanwe juu ya leso, kifuani, kiasi cha shibiri moja chini ya kidevu. Isifichwe ndani ya mtandio, kwa sababu mkwaruzo wa nguo utayameza maneno. Ifae binti au mjukuu wa kike ndiye amvishe bibi, au bibi aibane mwenyewe. Agosti ni msimu wa kusi, na upepo ukipiga maikrofoni hunguruma kama mawimbi. Hivyo usisahau kile kifuniko chake cha sponji au manyoya.

Cha tatu ni kiegemeo kifupi cha miguu mitatu, cha kusimama juu ya meza au baraza. Mkono huchoka baada ya dakika chache, nayo masimulizi mazuri huanza pale msimulizi anapoisahau kamera.

Cha nne ni betri ya akiba na waya wake. Ya mAh 10,000 yatosha kwa siku nzima ya matembezi. Mwenye kusafiri kwa ndege aiweke katika mkoba wa mkononi, kamwe isiingie katika mzigo unaopelekwa chini. Mashirika ya ndege kwa kawaida huruhusu hadi saa-wati 100 bila kuomba kibali, na betri ya mAh 20,000 ni kama saa-wati 74 tu.

Cha tano ni flashi au kadi ya kuhifadhia. Kwa simu nyingi, saa moja ya video ya HD huchukua takriban gigabaiti 4 hadi 8, na ya 4K huweza kuzidi mara mbili ya hiyo. Mazungumzo marefu yarekodiwe kwa HD. 4K iwekewe mandhari fupi za bahari na mitaa. Kila usiku nakili kazi ya siku mahali pa pili. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama hati, kwani ikitumwa kama video ya kawaida hubanwa na kupoteza ubora wake.

Vyote hivyo vitiwe katika kifuko kisichopitisha maji. Rasharasha za botini hazichagui kifaa cha bei.

Taa iache nyumbani. Mkalishe bibi akiuelekea mlango au kiwanda cha nyumba baada ya alasiri, mwanga ukiwa mpole. Usiku ukilazimika kutumia taa za umeme, weka simu irekodi fremu 25 kwa sekunde badala ya 30. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mpangilio huo hupunguza kule kumetameta kwa taa. Droni nayo iache, kwani hapa Kenya yahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na tena huchungulia nyua za watu ambako wanawake wamepumzika bila mitandio.

Hapo ndipo lilipo jambo lisilo na uzito mfukoni lakini zito kuliko vyote: idhini. Muulize bibi kabla ya kuwasha, umweleze nani ataiona video na itakaa wapi. Akikataa uso wake usirekodiwe, usimshurutishe wala usimpige kwa siri. Elekeza kamera kwenye mikono yake ikisuka ukili, na sauti iendelee. Video ya mikono na sauti huenda ikawa na thamani kuliko ya uso ulionuna. Kadhalika shughuli za wanawake harusini zisirekodiwe ila kwa ridhaa ya wenyewe.

Mwisho, kubalianeni tangu mapema nani katika familia atakayeitunza nakala kuu, na andikeni jina la msimulizi, mahali na tarehe. Safari njema, na Mwenyezi Mungu awarejeshe salama. Wabillahi tawfiq.